Mtani Aliyeifunga Intaneti

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama husema nilizaliwa saa ya mchana, jua la Tabora likiwa utosini, na kwamba jua hilo halijanishuka mpaka leo. Basi nifikirie Jumamosi ile: nimesimama juu ya stuli sebuleni kwa mama, Isevya, ruta mkononi, jasho linanitiririka mgongoni, na taa zake ndogo za kijani zote zinawaka vizuri kabisa. Zinawaka, lakini runinga inasema haijaunganishwa. Ningekuwa peke yangu ningeirusha dirishani.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mdogo wangu, ambaye ni muuguzi Ujerumani, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza wa mama. Jumapili, yaani kesho yake, mtoto angebatizwa, na mchungaji wa huko alitaka aletewe jina kabla ya Jumamosi hiyo kwisha. Jina hilo lilikuwa la mama kutoa, hakuna aliyebishia. Ila mama alikuwa na sharti lake: hampi jina mtoto ambaye hajamwona uso.

"Nitamwitaje mtu sijamtazama?" alisema. "Lazima nijue kwanza ni nani aliyerudi kwetu."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana macho ya mama yameingiwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Alikuwa anasubiri zamu ya upasuaji, na kila mwezi aliona kidogo kuliko uliopita. Mdogo wangu alikuwa ametutumia picha ya mtoto siku ileile aliyozaliwa. Nilipomshikisha mama simu yangu, aliitazama, akachukua ncha ya kanga akafuta kioo, akatazama tena, akafuta tena. Halafu akanirudishia.

"Kioo chako kichafu," alisema.

Kioo hakikuwa kichafu. Nilitoka nje nikalia kidogo kando ya karo la kufulia, kisha nikapata akili. Runinga! Ile runinga kubwa ukutani, mama akisogea karibu, anawaona wasomaji wa habari vizuri kiasi cha kuwasema nywele zao. Kumbe kinachotakiwa ni uso wa mtoto uwe mkubwa kama sinia. Mdogo wangu apige simu ya picha kwangu, mimi nirushe picha ya simu kwenye runinga, mama asogee, amwone. Ili picha irushwe, simu na runinga zinatakiwa ziwe kwenye waifai moja, ile ya ruta tuliyomwekea mama juu ya kabati la vyombo. Na laini yangu ya simu ndani ya nyumba ile hainasi kitu. Ukitaka kuongea unatoka uani unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kwa hiyo ilikuwa ama ruta, ama hakuna.

Tulipatana na mdogo wangu saa kumi jioni. Mimi nilikuwa nimefika kutoka Goweko, ambako mimi ni bibi shamba, nimezoea kupambana na ukungu wa tumbaku na wakulima wabishi. Nikajiambia kiboksi cha plastiki chenye mikia miwili hakiwezi kunishinda mimi.

Nilianza na mambo ya kila mtu. Nikaizima, nikaiwasha. Nikaisubiri. Runinga ikatafuta, ikaliona jina la waifai yetu, nikaandika paswadi kwa ile rimoti inayokulazimisha kuruka herufi moja moja, ikazunguka, ikazunguka, ikakataa. Nikadhani nimekosea herufi, nikaandika upya. Ikakataa. Simu yangu yenyewe iliingia mara moja bila shida, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Mtandao upo, paswadi ni sahihi, simu inaingia, runinga haiingii. Kwa nini?

Nikakitolea macho kitambaa. Mama ameifunika ruta kwa kitambaa cha kufuma kwa uzi mweupe, chenye maua pembeni, kwa sababu nyumbani kwake hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, friji ina kitambaa, hata mtungi wa gesi una gauni.

"Mama, hiki kitu kinapata joto. Kinahitaji hewa."

"Na vumbi je?"

Nikakivua. Ruta ilikuwa moto kweli, nikaona nimeshinda. Nikaipepea kwa sahani. Nikaizima, nikaiwasha, runinga ikakataa vilevile, na mama akakirudisha kitambaa mahali pake akikinyoosha kwa kiganja. Wakati huo ndipo tuliposikia hodi.

"Hodi humu, wapagazi!"

"Karibu, mzee wa mdundiko," mama akajibu, na uso wake ukakunjuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Aliyeingia ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mstaafu wa reli, Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi akaoa na kubaki. Sisi Wanyamwezi na wao ni watani tangu zama za misafara, babu zetu walipokuwa wakitoka huku na mizigo kichwani kwenda pwani na kulazimika kupita kwao. Sijui waligombania nini njiani, lakini tuliobaki tumerithi haki ya kutukanana. Mtani anaweza kuipua sufuria yako jikoni akaondoka nayo. Anaweza kukucheka msibani. Huruhusiwi kukasirika, na ukikasirika unatozwa faini. Mnaweza kukisia mtu wa hasira kama mimi nimelipa faini ngapi maishani.

"Shikamoo, mtani," nikasema kutoka juu ya stuli.

"Marahaba. Mbona uso umekunja hivyo, mmefiwa?"

Mama akamweleza: mjukuu, jina, saa kumi, runinga iliyogoma. Mzee akasikiliza kwa makini, akavuta kiti, akakaa, akapiga goti kwa kiganja.

"Haijagoma," alisema. "Nimeifunga mimi."

Mtu wa mahali pengine angecheka tu. Sisi tuliamini, na tulikuwa na sababu. Mwezi uliopita mzee huyuhuyu aliichomoa ruta kwenye umeme wakati mama yuko kanisani, akakaa kimya huku mama akihangaika, mpaka alipopewa chupa ya asali ndipo akaichomeka. Mama alinisimulia kwa simu akicheka hadi kukohoa. Kwa hiyo aliposema ameifunga, mimi nilishuka kwenye stuli nikasimama mbele yake.

"Umefanya nini? Umegusa mipangilio?"

"Nimegusa pote."

"Umebadilisha nini?"

"Siri ya kazi. Nipeni jogoo, nifungue."

"Jogoo gani?"

"Yule mwekundu anayeniamsha alfajiri kama vile mimi bado ni mtumishi wa reli."

Nikasema hapana, huu si wakati wa utani. Mama akaniambia kwa sauti ya chini, "Mpe." Nikasema mama, jogoo mzima? Akasema, "Mjukuu wangu ana thamani ya jogoo mmoja, au wewe waonaje?" Nikatoka uani. Kumkamata jogoo yule ni habari ya peke yake; itoshe kusema niliingia sebuleni nina manyoya kwenye nywele na mkwaruzo mkononi.

Mzee akamkwapua, akambana kwapani, akainuka kwa heshima zote. Akaweka kiganja juu ya kitambaa kilichofunika ruta, akafumba macho, akanong'ona maneno ya kwao. Nilikuwa nimeshika rimoti, nikabonyeza "unganisha" kwa dharau tu. Runinga ikazunguka mara mbili, ikaandika: Imeunganishwa.

Jamani! Mama alipiga vigelegele. Mimi niliruka, nikamkumbatia mzee pamoja na jogoo wake, jogoo akapiga kelele, tukacheka sote watatu. Nikakimbilia uani huku nikimtumia mdogo wangu sauti kwamba mambo tayari, mtani ametufungulia. Nikasimama hapo nje nikijipangusa jasho na kumwambia mama kupitia dirishani akaoge, ajipake mafuta, avae gauni lake la kwaya, mjukuu asije akamwona na kanga ya jikoni. Niliporudi ndani, runinga ilikuwa imejizima kioo kwa kukaa bila kazi. Nikaiamsha. Haijaunganishwa.

"Ah," mzee akasema bila kuinuka. "Jogoo wa kwanza ni wa kufungua. Wa pili ni wa kuacha wazi."

Nilikasirika. Sitaandika niliyoyasema, lakini niliyasema kwa sauti, na nikayamalizia kwa kusema kwamba watu wa pwani ndio maana hawaendelei. Mzee akaanza kunihesabia faini kwa vidole, akiwa amefurahi sana. Halafu tukamgeukia mama. Alikuwa amekaa kwenye kochi, gauni la kwaya mapajani bado halijavaliwa.

"Pengine nisimwone tu," mama alisema. "Mpeni jina lolote. Jina zuri ni jina zuri."

Mzee aliacha kuhesabu. Akamtua jogoo chini, jogoo akakimbilia uani. Akanitazama na uso ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Mwanangu," alisema, "mimi sijui hata hicho kitu kinafunguliwa upande gani. Sijagusa chochote."

"Sasa kwa nini umesema ni wewe?"

"Mtani akiulizwa 'ni wewe?' akakataa, huo ni utani gani?"

Alikuwa sahihi. Tangu alipoingia nilikuwa nahangaika kubembeleza mtu badala ya kuikagua mashine, na jua lilikuwa limeshapita utosini. Nikavuta pumzi. Nikaketi sakafuni, mgongo kwenye kabati, nikaanza upya kama ninavyoanza shambani: usiulize nani amelilaani shamba, tazama jani.

Nilikwishaona huko nyuma fundi akifungua ukurasa wa mipangilio ya ruta kwa simu. Unaandika namba zilizobandikwa nyuma ya ruta pale unapoandika anwani ya tovuti, unaweka paswadi ya fundi iliyoandikwa hapohapo, unaingia tumboni mwake. Nikaigeuza ruta nisome namba. Kibandiko chenyewe kilikuwa kimechakaa, kina alama za vidole vya mafuta na unga. Nilishangaa kidogo, sikutilia maanani. Nikaingia.

Ndani kulikuwa na mambo mengi ya kutisha, nikayapita yale nisiyoyajua bila kuyagusa. Nikabadilisha chaneli ya mawimbi, haikusaidia. Nikatazama kama runinga imefungiwa, haikufungiwa. Kisha nikaona ukurasa wa vifaa vilivyounganishwa, nikaufungua.

Vilikuwa kumi. Nikausoma mstari wa chini: idadi ya juu, kumi. Nikajaribu kuiongeza, ikagoma, ruta yenyewe imeumbwa hivyo. Nikarudi kwenye orodha nikaitolea macho. Nyumba nzima ile ilikuwa na simu yangu, runinga, na kiswaswadu cha mama chenye vitufe, ambacho waifai hakiijui hata kwa kusikia. Simu yangu ilikuwa pale. Hizo nyingine tisa ni za nani?

Nilipiga ukelele hadi mzee akasimama. Sikuwa na hasira tena, nilikuwa na furaha ya mtu aliyempata mdudu kwenye jani. "Imejaa!" nilisema. "Mama, haijaharibika! Imejaa! Watu kumi wamekaa, runinga yako imesimama mlangoni!" Kila kitu kikaeleweka papo hapo. Nikiizima na kuiwasha, simu zile zinakimbilia nafasi zao upesi, na runinga yetu ya kuamka polepole inakuta viti vimeisha. Na ule muujiza wa jogoo? Mtu mmoja mwenye simu alikuwa ametoka, nafasi moja ikabaki wazi. Mzee alikunja uso kidogo kusikia kwamba maneno yake ya kwao hayakuwa na kazi.

"Mama," nikauliza taratibu, "umempa nani paswadi?"

"Walioomba."

"Akina nani?"

"Wote walioomba." Akaanza kutaja: mama wa maandazi upande wa kushoto, anayempigia mumewe aliyeko machimboni. Mwalimu wa nyuma, na wanawe wanaosoma. Kijana mpangaji wa chumba cha uani kwa mwalimu. Mke wa fundi cherehani, mtazama mishono. "Mimi siwezi kusoma hizo herufi, nawaambia waigeuze wasome wenyewe."

Nikaelewa alama za unga kwenye kibandiko. "Mama, hiyo inaitwa paswadi ili watu wasiijue."

"Basi ingekuwa haina maana kuwa nayo."

Nilimwambia dawa ni moja na ni ya dakika tu: nabadilisha paswadi, wote wanatoka, runinga inaingia ya kwanza. Kidole changu kilikuwa tayari pale kwenye simu. Mama akasimama. Haoni vizuri, lakini alijua kidole changu kilipo.

"Usithubutu."

"Mama, ni saa tisa."

"Mwaka jana nilipolazwa na homa, nani alinipikia uji? Wewe ulikuwa Goweko na tumbaku yako, mwenzako Ujerumani. Nani ananishika mkono usiku ninapokwenda chooni? Leo nimtazame mjukuu wangu kwa kuwafungia watu mlango usoni?"

Maneno yale yaliniuma, na yalipaswa kuniuma. Nikasema basi, nitapita mlango kwa mlango nikawaombe wazime kwa muda tu. Hapo akashtuka zaidi.

"Ukampe mtu kitu, halafu uende kumkumbusha kwamba ni chako? Hayo ni masimango, mwanangu. Leo watazima, kesho hawatagusa tena. Hata chumvi hawataomba."

Alikuwa anasema kweli, na mimi nawajua watu wetu. Mama wa maandazi angezima simu yake na asingeiwasha tena humo hadi kufa kwake, na angetupita njiani kwa salamu fupi. Nikaketi tena sakafuni. Dawa nilikuwa nayo mkononi na sikuweza kuitumia. Nilitazama saa, nikatamani kulia, nikatamani kupiga kitu teke.

Mzee akakohoa.

"Wapagazi," alisema, "mmesahau mna Mzaramo ndani?"

Tukamtazama. Akawa tayari anavaa viatu.

"Ninyi mkisema, ni masimango," alisema. "Mimi nikisema, ni nini?"

Mama alielewa kabla yangu. Akaanza kucheka, mkono mdomoni, mabega yanatikisika. Kwa kweli, mtani akikusimanga umesimangwa na nani? Mtaa karibu wote ni Wanyamwezi na Wasukuma, na Wasukuma ni ndugu zetu. Hakuna mtu pale ambaye mzee yule hajawahi kumtukana mbele ya wakwe zake.

Alitoka hadi katikati ya njia akaanza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita abiria wa treni.

"Wapagazi wa Isevya! Wezi wa hewa! Mmekaa kwenye sinia la mwenzenu, mnakula, mnaramba vidole, na mwenye sinia yuko jikoni ana njaa! Babu zenu walibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo, ninyi kubeba bando lenu wenyewe mmeshindwa! Zimeni simu! Bibi anataka kumpa mjukuu wake jina, na mjukuu ameshindwa kuingia ndani kwa sababu yenu!"

Kisha mlango wa kushoto ukafunguliwa.

"We Mzaramo, rudi kwenu ukacheze ngoma!" mama wa maandazi akapiga kelele, unga hadi viwikoni. "Mjukuu gani? Wa kwetu yule wa Ujerumani?"

"Zima kwanza, ndiyo uulize!"

"Nazima, nazima! Mbona hamkusema?"

Mimi nilikuwa mlangoni, simu mkononi, macho kwenye orodha. Mstari mmoja ukatoweka. Nikapiga kelele: "Tisa!" Mzee akaenda mlango wa pili, nikasikia matusi, nikasikia kicheko, mistari miwili ikaondoka kwa pamoja. "Saba!" Moyo unanipiga kama vile natazama penalti. Mke wa fundi cherehani alitoka na sentimita shingoni akijibu tusi kwa tusi, akazima simu yake mbele ya macho ya mzee. Kijana mpangaji alikuwa anatazama mpira, akaomba amalizie kipindi. Mzee akamchukulia kandambili zake zote mbili akaondoka nazo, kijana akamfuata peku akicheka, simu imezimwa. "Nne! Tatu!"

Nikakimbia ndani nikabonyeza rimoti. Runinga ikazunguka. Ikaandika imeunganishwa. Sikushangilia, nilikuwa nimeshadanganyika mara moja. Nikarusha picha ya simu yangu, na ile picha ya mti wa shambani Goweko niliyoiweka kwenye simu ikatokea ukutani, kubwa, kila jani linaonekana. Hapo ndipo nilipopiga ukelele wangu.

Watu wakaanza kuingia. Sikuwa nimewaalika na hawakungoja kualikwa. Mzee alisimama mlangoni kama mkagua tiketi na kila aliyepita alionyesha kioo cha simu kilichozimwa, kisha akatukanwa kidogo, kisha akaruhusiwa. Mama wa maandazi alimvisha mama gauni la kwaya akamkaza zipu. Mwalimu alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani. Sebule ilijaa harufu ya mafuta ya kukaangia na sabuni. Simu yangu ikalia, ni mdogo wangu.

Nikapokea. Akatokea mdogo wangu ukutani, amechoka, amefunga kilemba, anacheka na kulia. Watu wakapiga vigelegele hadi akashtuka: "Mko wangapi humo?" Nikamwambia usiulize, mlete mtoto. Akainama, akainuka, akakisogeza kifurushi mbele ya simu yake, akafunua shuka.

Uso ukajaa runinga nzima.

Mama alisogea mpaka pua yake ikawa kiganja kimoja na kioo. Alitazama kutoka juu kushuka chini, kama anavyochambua mchele.

"Mbona mkubwa hivi?" akauliza.

Watu waliangua kicheko, mdogo wangu naye kule. "Si mkubwa, mama, ni runinga." Mama hakucheka. Alikuwa akifuata nyusi kwa kidole, bila kugusa.

"Mgeuze kushoto." Akageuzwa. "Nionyeshe sikio." Akaonyeshwa sikio, dogo, limekunjwa kwa juu. "Anapiga miayo!" mama akasema kwa sauti ya juu, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Mtoto alikuwa kweli anapiga miayo. Alikuwa anaona.

"Mama," mdogo wangu akasema baada ya muda, "mchungaji anangoja. Jina?"

"Ngoja kwanza," mama alisema. "Sijashiba."

Hakuna aliyemharakisha. Walikuwepo watu mle ndani wenye simu zimezimwa mifukoni, wenye maandazi kwenye mafuta, wenye mpira usiokwisha, na hakuna aliyejikuna. Mzee alikuwa ameegemea mlango na kandambili za kijana zikiwa bado mkononi, na nilipomtazama aligeuza uso upande wa njia. Mama aliomba aonyeshwe mikono. Akaomba miguu. Akaomba uso tena.

Kisha akasema jina la mama yake. Alilisema mara moja, wazi, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. Bibi yangu alikuwa na sikio lililokunjwa kwa juu. Mimi nilikuwa nimelisahau kabisa.

Kelele zilizofuata nadhani zilisikika hadi Kipalapala, nje ya mji. Mama wa maandazi alicheza, mke wa fundi cherehani alicheza, mwalimu alipiga makofi kwa adabu, na mimi nililia bila kwenda karoni. Mdogo wangu alilirudia jina mara mbili, akaliandika, akasema asante mama, asante, sasa nipumzike, tukate.

"Nani amesema kukata?" mama akauliza bila kugeuka. "Wewe lala. Yeye muache hapo."

Mdogo wangu akamlaza mtoto, akaiegemeza simu pembeni yake. Nilimsogezea mama kigoda mpaka kikagusa ukuta, akaketi, akaendelea kutazama.